Mlango Uliorukwa

Mji ule, ukisahau viatu vya ngozi chini ya kitanda kwa wiki mbili, unavikuta vimeota manyoya ya kijani. Chumvi haitoki kwenye kichupa mpaka uichokonoe kwa njiti ya kiberiti. Nguo hazikauki, zinaacha tu kudondosha maji. Na gari, ambalo wengi hudhani ni chuma na chuma hakina habari, ndilo linaloumia kuliko vyote, maana halina pa kujificha. Umande wa alfajiri unalowesha vumbi juu ya boneti, jua la saa nne linaukausha, na kila tone linaacha duara jeupe lisilotoka kwa sabuni. Mwaka mmoja wa maisha hayo, rangi imefifia kama shati la shule. Miaka miwili, kutu inaanza kuchungulia kwenye kingo za milango.

Ndiyo maana mtu aliyejua kuikinga rangi aliheshimiwa pale, na aliyeheshimiwa kuliko wote alikuwa fundi mmoja aliyeitwa Kioo. Jina alipewa na mteja aliyenyoa ndevu kwa kujitazama kwenye mlango wa gari lake mwenyewe. Huenda ni uongo. Lakini Kioo alikisimulia kisa hicho mara nyingi mno, hata watu ambao hawakuwepo wakaanza kusema walikuwepo.

Kioo alikuwa na masharti kuliko mganga. Gari lioshwe kivulini. Lisuguliwe kwa udongo laini, ule unaokamata chembe zilizong'ang'ania rangi. Likaushwe, kisha lisubiri, na mwenye gari asubiri nalo, asiulize saa. Baada ya hapo ndipo dawa zinatoka kabatini, na dawa zilikuwa mbili. Nta ya kopo ni ya uzuri. Inang'aa, lakini jua la pale likiipiga mwezi mmoja inayeyuka zake. Nyingine ni ya maji, ya kiwandani, ambayo mafundi waliiita kinga. Haina mbwembwe, ila inashika miezi mitano, hata sita. Kioo alitanguliza kinga akamalizia na nta kwa wateja walioelewa. Wasioelewa aliwapaka nta peke yake akawaacha wafurahi.

Hatari ilikuwa moja tu, nayo ni maji. Ukipaka kinga juu ya rangi yenye unyevu, hata ule usioonekana, umeyafungia maji chumbani. Baada ya saa chache rangi inapata ukungu, weupe weupe, kama dirisha ulilolipulizia pumzi. Kuuondoa ni kuanza upya. Na katika hewa ile nzito, macho hayawezi kukwambia kama bati limekauka. Vidole ndivyo vinavyojua. Kioo alivaa vidoleni mfuko mwembamba wa plastiki, ule wa kufungia mkate, akapitisha mkono juu ya rangi polepole. Penye unyevu mfuko unang'ang'ania. Pakavu unateleza. Na punje ya mchanga usiyoweza kuiona, chini ya mfuko unaisikia kama kokoto.

Tena alikuwa na utaratibu wa vitambaa. Gari aliligawa vipande kumi na kimoja: boneti, paa, buti, milango minne, madigadi manne. Bampa hakuzihesabu, alisema ni plastiki tu. Kila kipande na kitambaa chake. Asubuhi alivikunja mara nne, akavitia vyote kumi na kimoja mfukoni mwa aproni, na kila alipomaliza kipande alitundika kitambaa kwenye waya. Waya ukijaa, gari limekwisha. Mfuko ukiwa mtupu, fundi aende akale.

Mkewe, ambaye wateja walimwita Mama Viti, alikuwa na upande wake. Cherehani yake ilikaa kibarazani, chini ya mabati yaleyale yaliyotia kivuli magari ya mumewe. Alishona vifuniko vya viti, akasafisha mazulia, akatoa harufu za maziwa yaliyomwagika na watoto waliotapika. Mpaka wa kazi zao ulikuwa mlango wa gari: cha ndani cha mke, cha nje cha mume. Siku moja, miaka mingi nyuma, Mama Viti alifuta alama ya kidole kwenye boneti kwa ncha ya upande wa gauni lake, na Kioo akampigia kelele mbele ya wateja watatu, "Rangi si kiti!" Msemo ukabaki. Wateja wakawa wanamtania nao, na yeye akawa anacheka pamoja nao, kicheko kifupi.

Kisukari Kioo alikuwa nacho mwaka wa saba, na hakuwa mkaidi. Alichoma sindano zake, alikula kwa saa, na baada ya chakula cha mchana alijilaza kidogo kama daktari alivyosema. Nyumbani kwao palikuwa mitaa miwili tu kutoka uwanja wao wa kazi. Ganzi ilimwanza kwenye ncha za vidole vya mkono wa kulia, akadhani ni dawa za kuoshea. Ikahamia wa kushoto. Siku moja alishika kikombe cha chai, akanywa nusu, ndipo akaona ngozi ya kidole imebabuka. Hakumwambia mtu. Aliacha mashati ya vifungo akahamia fulana, akisema joto limezidi, na katika mji ule hakuna aliyeweza kubisha.

Kama ni kuogopa, aliogopa. Msiwasikilize wanaosema mtu mzima haogopi. Nje ya rangi za magari Kioo hakuwa na kitu kingine alichokiweza. Shule aliishia njiani, kuimba hakujua, na chai aliyoipika yeye ilimwagwa. Kwa hiyo kila gari lilipotoka alisubiri mwenyewe arudi kulalamika. Hakurudi mtu. Mwezi ukapita, miezi sita ikapita, mwaka ukapita, na magari yakazidi kutoka yaking'aa, pengine kuliko zamani. Kioo akajipa jibu alilolitaka: mikono ina akili yake. Kazi ya miaka kumi na tisa imeshaingia kwenye mifupa, haina haja tena ya ngozi.

Ndipo akaja Bwana Harusi. Huyu alikuwa mwanamume wa miaka hamsini aliyekodisha magari meusi kwa maharusi, na yeye mwenyewe hajawahi kuoa. Jina walimpa kwa kumkomoa, naye akaliandika kwenye kadi zake za biashara. Alikuwa na magari sita, na sasa amejenga banda la kuyatunzia upande wa pili wa mji. Alimtaka Kioo awe fundi mkuu.

"Peke yako," alisema. "Viti vyangu ni vya ngozi, havitaki cherehani."

Kila fundi anajua maana ya magari sita meusi. Nyeupe inasamehe, nyeusi haisamehi. Anayepewa nyeusi amepewa cheo.

"Nipe wiki moja," alijibu Kioo, kwa sababu mtu mwenye heshima zake hasemi ndiyo siku hiyohiyo. Moyoni alishaanza kazi.

Jioni alimweleza mkewe, na hakuipata furaha aliyoitarajia.

"Ni mbali," alisema Mama Viti.

"Mbali wapi? Nusu saa!"

"Hakuna kivuli."

"Mtu amejenga banda zima, unasema hakuna kivuli?"

"Mabanda mapya huvuja."

Kioo akamtazama. "Wewe una wivu."

"Wivu wa nini, wa magari?"

"Wa jina langu."

Mama Viti aliinama akapanga sahani, na Kioo akajua ameshinda.

Wiki ilipotimia ilikuwa Jumamosi, na usiku wake mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Bwana Harusi alilileta gari lake kubwa kuliko yote saa mbili asubuhi. "Lifanye hili liwe mfano," alisema. "Saa kumi nakuja kulichukua, unanipa na jibu."

Hewa ilikuwa nzito ya kukamua. Kioo aliliosha gari, akalisugua, akalikausha, akasubiri zaidi ya kawaida yake. Kisha akavaa mfuko vidoleni, akaweka mkono juu ya boneti, akafumba macho, akasikiliza. Hakusikia kitu. Na kutosikia kitu, alijiambia, ndiyo ukavu wenyewe. Akapaka kinga, akafuta, akatundika kitambaa. Akahamia digadi, akahamia mlango. Alifanya kwa utulivu wote aliokuwa nao, akijua kwamba hii ndiyo kazi itakayosema ndiyo kabla mdomo haujasema.

Alikuwa ameinama mbele ya mlango wa kushoto wa nyuma simu ilipolia. Ni Bwana Harusi, anauliza kipimo cha ovaroli.

"Na kifuani tuandike jina lako la kweli au Kioo?"

"Andika Kioo," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba kwa furaha mpaka akaona haya. Alikata simu, akatabasamu peke yake, akaendelea na digadi la nyuma.

Saa sita na nusu alikwenda nyumbani, na kwa furaha hata waya wa vitambaa hakuutazama. Mama Viti alibaki na hotpoti yake kibarazani, kama kawaida yake ya siku hizi. Alisema kazi za viti zimekuwa nyingi. Kioo akachoma sindano, akala, akajilaza. Jasho likamtiririka shingoni. Akatia mkono mfukoni mwa aproni, ambayo kwa haraka alikuwa hakuivua, akatoa kitambaa ajifute, na mkono ukasimama hewani. Kitambaa kilikuwa safi, na mikunjo yake minne ya asubuhi.

Akakaa kitandani. Kitambaa kimoja mfukoni ni kipande kimoja hakijapakwa. Hakuhitaji kufikiri sana: simu, ovaroli, mlango wa kushoto wa nyuma. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuruka kipande, na siku ya kukiruka imekuwa leo. Lakini haikuwa balaa. Saa nane ilikuwa haijafika. Angewahi kuupaka mlango ule hata kabla mkewe hajagundua. Akavaa viatu akatoka, akapita njia ya nyuma, inayotokea kwenye tangi la maji.

Pale kwenye tangi akasimama.

Cherehani ilikuwa kimya. Mama Viti alikuwa mbele ya gari jeusi, amevua kandambili, vidoleni amevaa mfuko wa plastiki. Mlango wa kushoto wa nyuma ulikuwa umekwisha. Kutoka pale alipokuwa, Kioo aliona waya wa umeme wa barabarani ukijichora ndani yake bila kupinda. Lakini mkewe hakuwa mlangoni tena. Alikuwa kwenye boneti, na boneti Kioo aliifanya mwenyewe, asubuhi, kabla ya simu yoyote.

Alisubiri amwone anaipita. Hakuipita. Mkono wa Mama Viti ulitembea polepole, macho amefumba, ukasimama karibu na taa, ukarudi nyuma, ukasimama palepale tena. Alifumbua macho, akainama kutazama kwa ubavu penye mwanga, na Kioo naye akaona: ukungu, upana wa sahani. Mama Viti akaufuta kwa dawa ya kuondolea, akapepea kwa kipande cha boksi, akapitisha mfuko, akapepea tena, hana haraka. Kisha akapaka kinga, nyembamba kabisa, akafuta kwa kitambaa alichokikunja mara nne. Halafu akavuta kigoda, akakipanda ili afikie paa, na paa nalo likawa na mahali pawili.

Kioo alihesabu sehemu saba. Angetaka kupiga kelele, lakini kelele ya nini? Aliona haya, na chini ya haya palikuwa na hofu, na hofu ilikuwa kubwa zaidi. Miguu ndiyo iliyomtoa nyuma ya tangi.

"Tangu lini?" aliuliza.

Mama Viti aligeuka juu ya kigoda, mfuko bado mkononi. "Umeamka mapema," alisema, kwa kuwa ndilo neno lililomjia.

"Nimekuuliza tangu lini."

Alishuka kwanza. "Tangu gari la mwalimu mkuu. Lile la bluu."

Kioo akapiga hesabu. Miezi kumi na minne. "Lilikuwa na nini?"

"Lilikuwa jeupe, Baba Watoto. Ubavu mzima. Wewe umekwenda kula, mwenyewe anakuja saa nane. Ningefanyaje?"

"Ungeniita."

"Ungekuja, ungepitisha mkono, ungesema liko sawa. Si ulikuwa umeshasema liko sawa?"

"Na mengine?"

"Mengine nilianza kuyaangalia tu. Mengine yalikuwa mazuri." Akaongeza haraka, "Mengi yalikuwa mazuri."

"Leo ni sehemu saba, na mlango. Nimehesabu."

Mama Viti alikisogeza kigoda kando kwa mguu.

"Nani alikufundisha?"

"Sasa hilo nalo ni swali? Kila siku unawahutubia wateja kinga hivi, nta vile. Unadhani mimi masikio nimeyaziba pamba?"

"Umenifanya mjinga wa mji mzima!"

"Mji mzima unakusifu."

"Kwa kazi yako!" Sauti ilimpanda mpaka mpita njia akageuka kutazama. "Jumatatu ningekwenda kule peke yangu. Magari sita, yote meusi. Wiki moja tu ningekuwa kichekesho."

"Nilikuwa nakusitiri."

"Umenisitiri mpaka na nafsi yangu, mwanamke! Mtu anasitiriwa na walimwengu, hasitiriwi na nafsi yake. Ungeniacha niende?"

"Ndiyo maana nilikwambia banda litavuja."

Siku nyingine hilo lingewachekesha wote wawili. Mama Viti alivua mfuko, akaukunja, akaufungua tena. Safari hii aliyepandisha sauti ni yeye. "Na wewe mbona hukuniambia vidole vimekufa? Kitanda kimoja, sahani moja, miaka yote hii. Nijue kwa ukungu wa magari ya watu?"

"Nani amekwambia vimekufa?"

"Fulana," alisema Mama Viti. "Mwanamume aliyevaa shati la vifungo miaka ishirini, siku moja ananiambia joto. Joto limeanza jana hapa?"

Kioo alikaa kwenye kigoda. Alikumbuka kwamba zamani walikuwa wakienda nyumbani pamoja kula, wakitembea polepole, mkewe akisema mambo ya wateja na yeye akijifanya hasikii. Miezi kumi na minne amekula peke yake, na hata siku moja hakujiuliza kwa nini viti vya mji ule viliharibika vyote saa sita mchana. Alijiona mpumbavu, na upumbavu wenyewe ulimuuma kuliko vidole.

"Mlango ule," alisema, "nilikuwa nimeuruka. Umeupaka vizuri."

Mama Viti alimtazama kuona kama ni kejeli. Haikuwa kejeli.

Bwana Harusi hakungoja saa kumi. Saa tisa na nusu alishafika, na chupa ya maji mkononi, maana alikuwa mtu wa majaribio. Alimwaga maji kwenye boneti. Yakasimama matone matone, kila tone na uvimbe wake, yakaserereka yakaanguka chini bila kuacha njia. Akamwaga paani. Akazunguka akamwaga kwenye mlango wa kushoto wa nyuma, na maji yakakimbia kama yamefukuzwa. Bwana Harusi akapiga kofi moja la furaha.

"Kioo ni Kioo! Haya, jibu langu."

Kabla Kioo hajafungua mdomo, Mama Viti aliingia kati. "Shemeji, ametaka sana, lakini daktari amemkataza. Sukari yake haitaki safari za kila siku. Kwa umri huu akae karibu na nyumbani."

Ulikuwa uongo mzuri, wenye nusu ya ukweli ndani yake, na aliyeushona alijua kushona. Bwana Harusi tayari alishaanza kusikitika. Kilichobaki ni Kioo kutikisa kichwa. Jina lingebaki, kisa cha mteja aliyenyoa ndevu kingebaki, na watu wangesema fundi yule alikataa magari sita ya Bwana Harusi kwa kujali afya yake. Kesho yake angefika asubuhi, angepitisha mkono juu ya rangi, angekwenda kula peke yake, na mkewe angevua kandambili. Hivyo hivyo mpaka mmoja wao afe. Kioo aliyaona yote hayo, na shingo ikamkatalia.

"Daktari hajasema hivyo," alisema.

"Baba Watoto," alisema Mama Viti polepole.

"Gari hili amelifanya mke wangu. La mwezi uliopita pia. Mimi vidole vyangu havisikii tena."

Bwana Harusi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Nimekuelewa. Unataka niongeze dau."

"Sitaki uongeze kitu."

"Kioo, mimi biashara nimefanya miaka thelathini. Mtu akianza kujishusha, ujue bei inapanda."

"Nakwambia kweli."

"Unaniambia shemeji ndiye aliyeifanya hii? Fundi viti?" Bwana Harusi alipiga paa la gari kwa kiganja. "Si wewe mwenyewe uliyesema? Rangi si kiti!"

Kwa miaka kumi na tisa kila neno lake kuhusu rangi liliaminiwa, na neno la kweli kuliko yote ndilo lililokataliwa. Hakupanga alichokifanya baadaye. Alikwenda kibarazani, akachomoa pini moja kubwa kwenye mto wa pini wa cherehani, akarudi nayo. Akanyoosha kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kile alichopimia magari yote ya mji ule, akaichoma pini kwenye ncha. Ikaingia mpaka ikasimama yenyewe.

Mama Viti ndiye aliyepiga kelele. Uso wa Kioo haukubadilika, maana hapakuwa na cha kuubadilisha. Aliutoa mkono mbele kwa Bwana Harusi na kuuacha pale, damu ikitambaa kuelekea kiganjani, na Bwana Harusi akarudi nyuma hatua mbili.

"Pole," alisema. Akavua kofia. "Pole sana, ndugu yangu. Sikujua."

Alilizunguka gari lake tena, sasa kimya, akainama pale alipoinama Mama Viti, akatazama kwa ubavu penye mwanga. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Alikuwa amesikitika, lakini gari lilikuwa limefanywa na mtu, na mtu huyo alikuwepo.

"Basi magari yaje hapahapa," alisema mwishowe. "Dereva wangu nimwambie amuulizie nani?"

"Amuulizie fundi," alisema Kioo.

"Fundi ndiyo nani sasa?"

"Huyo." Alimwonyesha kwa kidevu.

Mama Viti alikuwa hajaondoa macho kwenye pini. Alijibu bila kugeuka. "Jumatatu saa mbili. Yaje machafu hivyohivyo. Sitaki yapitishwe kwa wale waosha magari wa barabarani, wanasugua kwa michanga."

"Sawa, fundi," alisema Bwana Harusi, akavaa kofia, akaliwasha gari taratibu, akaondoka.

Mama Viti alimkalisha mumewe kwenye kigoda. Alipiga magoti, akaishika pini kwa vidole viwili, akaichomoa kwa kuivuta moja kwa moja, kama anavyochomoa kwenye kitambaa.

"Haiumi?"

"Haiumi."

"Hata kidogo?"

"Mama Watoto, leo ni siku ya kukudanganya?"

Miezi kumi na minne alikuwa ameujua ugonjwa ule kwa upande wa magari: ukungu hapa, chembe pale, kitu cha kufuta na kupaka upya. Kwenye mkono wenyewe hakuwahi kuuona. Aliushika kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akautazama, kisha akaanza kulia, bila sauti, mabega tu. Machozi yakadondokea kiganjani mwa mumewe, moja, kisha jingine. Kioo aliyaona yakianguka, akangoja, na hayakumfikia. Akakunja vidole vyake juu ya vidole vya mkewe, kwa kukisia.

"Nimekubana sana?" aliuliza.

"Hapana," alisema mkewe. "Ongeza."